Kitanda cha Kasiva

Siku ya kupulizwa dawa, umaskini wa kijiji kizima ulitolewa nje ukaanikwa juani. Mzee wa kijiji alikuwa amepita akitangaza kwamba kila kitu kitoke ndani, vyombo, chakula, viti na matandiko, ili vijana wa dawa wapate kuta tupu. Watu walitii, maana mwaka uliotangulia malaria ilikuwa imezika watoto huku chini ya mji wa Tawa, karibu na silanga, lile bwawa la mvua, na hakuna aliyetaka kuulizwa alikuwa wapi. Lakini kutii ni jambo moja, na kuonwa ni jambo lingine. Godoro ambalo Mama Syombua alilisifia kanisani lilikuwa limeshonewa gunia upande wa chini. Mzee mmoja wa kanisa alitoa kreti ya chupa tupu, akawaambia watu ni za dawa ya ng'ombe, naye hakuwa na ng'ombe.

Kasiva alianza kutoa vyake mapema, kabla majirani hawajamaliza chai. Alikuwa mjane aliyekaribia miaka sitini, mwembamba, mwenye haraka za mtu anayeishi peke yake na mtoto mdogo. Alitoa viti vitatu, meza, redio iliyokuwa haisemi, debe la ndengu, kiondo cha mahindi ya muthokoi na sanduku la marehemu mume wake. Akavipanga vyote chini ya leso mbili ili wapita njia wasivihesabu. Mjukuu wake Mumo, mvulana wa miaka mitatu, alipewa kazi ya kuwafukuza kuku wasikaribie ndengu, na aliifanya kwa bidii hata kuku wakahamia kwa jirani.

Kilichobaki ndani ni kitanda. Nyumba ya Kasiva ilikuwa na vyumba viwili, sebule na chumba cha kulala, na katikati pazia badala ya mlango. Kitanda kilitengenezwa na mumewe mwaka waliooana. Mguu mmoja ulikuwa umeoza, ukawekewa tofali. Kamba za katani zilikuwa zimelegea, na godoro lilinuka mkojo, kwa sababu Mumo alilala hapo na susu yake, yaani bibi yake, na alikuwa bado hajajua kuamka. Mamake Mumo, Kalunde, alipika katika hoteli moja huko Tawa, na chumba alichopanga na mumewe kilikuwa kidogo hata viatu vyao vililala nje.

Kasiva alijaribu kukivuta kitanda peke yake, tofali likaanguka. Akaamua kungoja. Kijana wa dawa akifika atamwomba ashike upande ule mwingine, wakitoe haraka, akifunike blanketi. Kijana wa dawa ni kama daktari, anaona mengi na kusahau yote. Hivyo ndivyo alivyojituliza, na wakati huo ilikuwa fikira nzuri kabisa.

Kijana aliyeingia uani alikuwa amevaa ovaroli, kofia ngumu, miwani mikubwa na kitambaa cha pua, pampu mgongoni. Huwezi kumjua mtu akiwa amevaa hivyo. Kasiva alikwisha kufungua mdomo amwambie, "Kijana, njoo unishikie hapa."

"Habari ya asubuhi, mama," kijana akasema.

Kasiva akarudi nyuma hatua moja, akajifunika leso hadi kidevuni.

"Ni wewe, mkwe?"

"Ni mimi, mama. Ni kazi."

"Ii. Kazi ni kazi."

Kila mmoja akatazama kipande chake cha udongo. Huyo alikuwa Mutisya, mume wa Kalunde, baba yake Mumo. Kwa Wakamba jambo hili lina jina, nthoni, ile aibu ya heshima kati ya mkwe na mama mkwe. Vijana wa siku hizi wamelegeza mengi. Wanasalimiana na wakwe zao, wanawapigia simu, hata wanakula mbele yao wakibanwa sana. Lakini kitanda cha mama mkwe hakijalegezwa na mtu. Mwanamume hakioni, hakigusi, hakipiti karibu na pazia lake, na nthoni haijali kama umevaa ovaroli.

Mutisya hakutaka kuwa hapo. Alikuwa amepewa nyumba za ng'ambo ya silanga, lakini mwenzao mmoja aliamka mgonjwa na supavaisa akabadilisha mistari ya nyumba asubuhi hiyo hiyo. Supavaisa alikuwa Chege, mtu wa Murang'a aliyehamia mji mmoja wa barabara ya Mombasa, mpole, asiyejua mila za Ukambani, na mwenye nyumba nyingi za kumaliza. Mutisya alikuwa amemwendea kumtaja Munyao, mwenzao aliyezaliwa kijijini hapo.

"Bosi, ile nyumba ya mwisho, si Munyao aingie badala yangu?"

"Kwani iko na nini?"

"Ni kwa watu wangu."

"Si ndio poa! Utapewa chai. Twende, twende, jua linapanda."

Mutisya angeweza kusema zaidi. Lakini hii ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu mwaka uanze, na wenzake walikuwa wamesimama hapo wakisikiliza. Mtu anaanzaje kueleza habari za kitanda cha mama mkwe wake mbele ya wanaume watano? Akafunga mkanda wa pampu akaenda.

Sasa alikuwa mlangoni, na mama mkwe wake naye alikuwa akitafuta maneno.

"Hapo mbele puliza tu," Kasiva akasema. "Huko kwingine wacha. Sijamaliza kutoa vitu."

"Naweza kungoja, mama."

"Hapana." Alilisema kwa ukali kidogo, kisha akalilainisha. "Mwambie Munyao apitie hapa baadaye. Munyao nilimbeba mgongoni, hana shida."

"Sawa, mama. Nitamwambia."

Wote wawili walipumua. Walikuwa wameelewana bila kutajiana neno lolote la aibu, na kila mmoja aliona mwenzake ana adabu sana. Mutisya akaingia sebuleni akapuliza kuta kwa uangalifu, juu kushuka chini, mstari baada ya mstari, kama alivyofundishwa. Alipofika kwenye pazia aligeuza uso akapuliza ukuta wa kando bila kuuangalia. Pakabaki mahali pakavu pa upana wa kiganja. Huko nyuma ya pazia, kuta zote nne zilibaki kavu.

Alipotoka, Chege alikuwa amesimama getini na chaki mkononi.

"Rumu ngapi?"

"Mbili."

"Zote umepiga?"

Kasiva alikuwa karibu, amemshika Mumo mkono. Mutisya hakumtazama. "Zote," akasema.

Chege akaingia uani, akaandika kwenye mlango kwa chaki, mbili juu ya mbili, vyumba viwili kati ya viwili, akaenda nyumba iliyofuata.

Tusimkimbilie Mutisya kwa fimbo. Alikusudia kabisa kumwambia Munyao. Wakati wa chakula Munyao alikuwa akiwachekesha watu, ikaonekana si wakati wake. Wakati wa chai ilimjia kwamba pakiti za dawa hupimwa kwa nyumba na kurudishwa zikiwa tupu, na za nyumba ile zilikwisha kurudishwa. Munyao angepuliza nini? Kisha lori likaja kuwachukua.

*

Jioni Kalunde alirudi kutoka hotelini miguu ikiwa imemvimba, akamkuta mumewe ananawa shingo.

"Ulipita kwa mama?"

"Nilipita."

"Mumo je?"

"Anafukuza kuku."

Kalunde akacheka, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Na mama hakuwasumbua? Unajua vile yuko. Anaweza kuwafungia mlango kwa sababu hajafagia."

"Hakutusumbua. Tulipuliza."

Kalunde alifumba macho. Tangu mtoto wa jirani wa mamake afariki mwaka jana alikuwa na hofu ambayo hakuizungumza. Akiwa anakata vitunguu hotelini humwona Mumo amelala usiku karibu na silanga, mbu wakimwimbia, naye mwenyewe, mamake, yuko huku Tawa anapikia watu wengine ugali. Jioni hiyo hofu ilimtoka. Alimwambia mumewe kwamba sasa hata akikosa nafasi ya kushuka Jumapili moja hatakuwa na wasiwasi sana. Mutisya alikuwa anajipangusa shingo, akaendelea kujipangusa kwa muda mrefu.

Jumapili hiyo Kalunde hakushuka, wala iliyofuata.

*

Kasiva naye alimngoja Munyao. Alikuwa amekwisha kukipamba kitanda kwa ajili yake, blanketi safi juu, tofali limesimamishwa vizuri. Munyao hakuja. Siku ya soko alikutana naye akinunua viazi.

"Munyao, hukupita kwangu."

"Kupitia nini, mama? Kwako ilikwisha. Niliona chaki. Mkwe wako alifanya kazi safi."

Watu walikuwa wamesimama karibu. Kasiva angesema nini? Kwamba mkwe wake alidanganya? Kwamba yeye ndiye alimzuia? Neno lolote hapo lingefika kanisani kabla yake.

"Ii, alifanya safi," akasema, akauliza bei ya viazi.

Ukuta wa katikati haukufika juu kwenye mabati. Usiku ule wa kwanza harufu ya dawa ilikuwa imevuka ikamfanya apige chafya kitandani, na Kasiva alijiambia kwamba dawa inayofika puani haiwezi kushindwa na mbu. Asubuhi alifagia mende na mbu waliokufa sebuleni hadi kizoleo kikajaa. Ilikuwa furaha kuwaona. Neti ya kitanda, iliyokuwa na matundu tayari, aliitoa akaitandaza juu ya miche ya sukuma ili kuku wasiichakure. Majirani walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Nyumba ina dawa, neti ya nini?

Mvua ikaja, nayo mwaka huo ilikuja kweli. Silanga ilijaa ikamwagikia shambani, vyura wakapiga kelele usiku kucha, na watu wakafurahi kwa sababu ndengu zilichipuka. Nyuma ya pazia la Kasiva mbu walipumzika kwenye kuta kavu mchana kutwa bila kusumbuliwa.

Mumo alianza kwa kukataa uji. Kisha akalala mchana, jambo ambalo hakulifanya tangu ajue kutembea. Kasiva alimpangusa kwa kitambaa cha maji, akamwambia ni baridi ya mvua. Siku iliyofuata alimbeba mgongoni hadi kwenye duka la Abdiaziz, Mwislamu mmoja mtulivu aliyetoka Garissa zamani akakaa, akijua watoto wa wateja wake kwa majina.

"Nipe dawa ya homa ya mtoto."

Abdiaziz alimgusa Mumo shingoni, akaurudisha mkono haraka. "Mama, huyu anaungua. Dawa nitakupa, lakini mpeleke apimwe. Mwezi huu watoto ni malaria tu."

"Si malaria. Kwangu kulipulizwa."

Alilisema kwa sauti, kwa sababu dukani kulikuwa na wanawake wengine wawili na wote walikuwa wamemwona mkwe wake akipuliza. Mara ulimi ukishasema, mwili hufuata. Alirudi nyumbani na chupa ya dawa ya homa, akaketi kitandani na mtoto, akaamini alichosema. Joto lilishuka kidogo jioni, akashukuru. Asubuhi lilirudi na kutapika. Hapo Kasiva aliogopa kweli, akatoka mbio kutafuta pikipiki.

*

Kwenye zahanati muuguzi aliitwa Waringa, mwanamke mwenye sauti ya uchovu aliyekuwa amehudumia watoto tangu alfajiri bila kuketi. Alimchoma Mumo kidole, akangoja, akatikisa kichwa.

"Ni malaria, na imekaa. Mama, mbona mmechelewa hivi?"

Kasiva alimfuta Mumo jasho. Kalunde, aliyepigiwa simu hotelini, alikuwa ndiyo kwanza afike ampokee mtoto, aproni ya hoteli bado kiunoni, anahema.

"Haiwezekani," Kalunde akasema. "Nyumba ilipulizwa."

"Vyumba vyote?"

"Vyote. Bwana yangu mwenyewe ndiye alipuliza. Kwa mikono yake."

"Na neti?"

Kalunde akamtazama mamake.

"Iko kwa sukuma," Kasiva akasema polepole.

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka puani. Kasiva alihisi joto usoni kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. Waringa hakucheka. Alikuwa anafikiria jambo baya zaidi.

"Kama kuta zilipigwa zote na mtoto ameshikwa hivi, basi dawa yenyewe haishiki huko kwenu. Itabidi niwaambie wenye mradi. Na watu wote wa silanga waambiwe warudie neti, wasitegemee dawa."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya Kasiva. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini ayaseme mbele ya foleni, na mtu amecheka tayari? Aliangalia vidole vyake vya miguu, vilivyojaa matope, nafasi ikapita. Kisha Mumo alikakamaa mikononi mwa mamake, macho yakageuka juu, akaanza kutikisika, na hakuna aliyekumbuka tena habari za kuta. Waringa alimnyang'anya mtoto, akamlaza ubavu, akaita gari la kuwapeleka hospitali kubwa.

*

Kwenye ukumbi wa wodi ya watoto palikuwa na benchi moja. Kasiva alikuwa amekaa mwisho mmoja, Kalunde mwisho mwingine. Mutisya alipofika aliona benchi, akaona aliyekaa, akasimama ukutani upande wa pili.

"Anaendeleaje?"

"Wamemwekea maji. Hajafungua macho," Kalunde akasema. "Kaa."

"Niko sawa."

"Mutisya, kaa chini."

"Niko sawa hapa."

"Mtoto wako yuko huko ndani hajijui, na wewe unachagua kiti!"

Mutisya hakukaa. Hakuweza, na Kasiva alikuwa amekwisha kugeuza mgongo nusu ili kumrahisishia. Heshima yao ilikuwa bado inafanya kazi vizuri.

Kalunde alitoa simu. "Nipe namba ya huyo Chege wenu. Nataka aniambie walitia nini kwa hizo pampu. Mliuza dawa mkawapulizia watu maji? Ee? Munyao ndiye huchanganya? Leo nitajua. Nitaenda hadi redioni."

"Mama Mumo..."

"Nipe namba!"

Mutisya aliishika simu yake mfukoni. Alimwona Munyao akifukuzwa kazi. Alimwona Chege. Lakini zaidi ya wote alimwona mwanamke mzee mwenye leso aliyempa mgongo, akajua hawezi kumtaja hapo, mbele ya binti yake, na vilevile hawezi kutomtaja.

"Si maji," Kasiva akasema.

Alilisema akiangalia mlango wa wodi. Kalunde hakuelewa.

"Dawa si maji. Sebule yangu hakuna mbu. Huko ndani hakukupulizwa. Mimi nilimkataza."

"Ulimkataza nani?"

"Mkwe."

Kalunde aliteremsha simu. "Ulimkataza kwa nini?"

Kasiva alikuwa amezika mume na ndugu, amechimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwenye jua la Ukambani, na hakuna kazi iliyowahi kuwa nzito kama neno hili.

"Kitanda kilikuwa ndani," akasema.

Muuguzi mmoja alipita na sinia. Wakamngojea apite.

"Kitanda," Kalunde akarudia. Akamgeukia mumewe. "Na wewe uliniambia mlipuliza."

"Nilisema Munyao atapitia. Halafu... Ni kitanda cha mama, Kalunde. Ungetaka nifanye aje?"

"Ungeniambia! Mimi ningeshuka! Kitanda cha mama yangu nimekilalia tangu nizaliwe, ningekitoa kwa kichwa! Jioni hiyo uliketi hapo unaosha shingo, ukaniacha nilale usingizi!" Alianza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha ndani yake. "Kwa hivyo mlikuwa mnaheshimiana. Wewe unamheshimu yeye, yeye anakuheshimu wewe. Na Mumo je? Nani alikuwa anamheshimu Mumo?"

Kalunde aliinuka akaenda kusimama kwenye mlango wa wodi, paji la uso kwenye kioo. Benchi likabaki na Kasiva peke yake, na Mutisya bado hakukaa. Kasiva alimwambia Mungu waziwazi, bila mapambo ya maombi ya kanisani, kwamba kama kuna mtu wa kuchukuliwa hapa, achukuliwe yeye, maana mtoto hakujua kwamba kuna vitanda vya aibu duniani.

*

Mumo hakuchukuliwa. Alikaa siku nyingi bila kusema, kisha asubuhi moja akaomba uji, akalalamika kwamba hauna sukari, na Kalunde akalia juu ya kikombe. Lakini walipomsimamisha, mguu wa kushoto ulibaki nyuma. Daktari alisema ugonjwa ulipanda kichwani. Akasema huenda mguu ukarudi, watoto wana bahati, afanyishwe mazoezi. Hakusema utarudi. Kasiva alilisikia vizuri hilo neno huenda, akaenda nalo nyumbani kumtayarishia mtoto mahali.

Mutisya alimwendea Waringa akamwambia ukweli, kwamba dawa ni nzima na kosa ni lake, watu wa silanga wasitishwe. Kisha akamtafuta Chege, akamkuta akipakia kofia na ovaroli kwenye magunia, kampeni imekwisha. Akamweleza yote, na safari hii hakuruka kitanda. Chege alisikiliza, akakaa juu ya gunia.

"Si ungeniambia? Mimi si mkwe wa mtu hapa. Ningeingia mwenyewe, dakika tano!"

"Nilikuambia ni kwa watu wangu."

"Uliniambia ni kwa watu wako. Hukuniambia kuna shida." Chege akajipangusa uso. "Mwaka ujao sitaweza kukuandika, Mutisya. Unajua hivyo."

"Najua. Nataka tu pampu. Niende na Munyao, apulize kile chumba."

"Pampu zimeshahesabiwa, na dawa iliyobaki imerudishwa. Hakuna kupuliza nyumba moja. Mpaka msimu ujao."

Watu wenye nafasi wangefanya nini hapo? Wangemhamisha mtoto. Kalunde alilifikiria hilo kila usiku hospitalini, akiwa amelala sakafuni chini ya kitanda cha Mumo. Lakini hoteli ilikuwa imemwambia akikosa wiki nyingine asirudi, chumba cha Tawa kilikuwa kile kile, na mtoto wa kuburuta mguu anahitaji mtu wa kushinda naye. Mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani, na nyumba yake ilikuwa ile ile. Alichoka kukasirika kabla hajapata njia nyingine. Kwa hiyo siku ya kutoka hospitali walishuka kuelekea silanga, Kalunde mbele na mfuko wa nguo, Mutisya nyuma na Mumo mgongoni. Kwa mumewe alikuwa akisema yale ya lazima tu, shika hapa, lipa pale.

Walipokaribia boma, Mutisya alisimama kwenye ua, mahali pa mkwe, angojee kuitwa na kuletewa kiti. Viti vilikuwa hapo uani tayari, vyote vitatu, na meza, na redio isiyosema, kana kwamba ni siku ya kupulizwa tena. Mlango ulikuwa wazi. Chaki ya Chege ilikuwa imepanguswa kwa kitambaa cha maji.

"Mama?" Kalunde akaita. "Unahama?"

"Ingieni," Kasiva akajibu kutoka ndani. "Wote."

Kalunde aliingia, akasimama. Mutisya alifika kizingitini na mtoto, akaona, akataka kurudi nyuma.

Kitanda kilikuwa sebuleni. Kilikuwa kimesimama katikati ya kuta zilizopulizwa, mbali nazo kidogo, na tofali lake chini ya mguu. Kiliijaza ile sebule hata pasiwe na pa kuweka kiti. Juu yake ilining'inia neti ya sukuma, imefuliwa, matundu yameshonwa kwa uzi mweusi, mwekundu na wa gunia. Mtu yeyote ambaye angeingia nyumba hiyo tangu siku ile, mchungaji, mzee wa kijiji, mnunuzi wa ndengu, angekutana kwanza na kitanda cha Kasiva. Munyao na Mama Syombua ndio waliomsaidia kukitoa. Aliwaita yeye mwenyewe, akiwa amesimama barabarani, na mlango ukiwa wazi kila aliyepita alikiona kikivuka pazia.

"Mkwe, ingia," Kasiva akasema.

"Mama, mimi nitakaa hapa nje."

"Viti vya nje ni vya kuku. Mlete mtoto alale. Dawa iko hapa."

Alikuwa amesimama kando ya kitanda, leso mabegani. Hakujifunika. Kalunde alimwangalia mamake, na kwa mara ya kwanza tangu benchi la hospitali hakuwa na hasira naye. Aliona tu jinsi alivyozeeka.

Mutisya akavua viatu, kisha kofia. Aliingia ameinamisha kichwa, akainua neti, akamlaza Mumo kwa mikono yake miwili juu ya blanketi ya mama mkwe wake. Kamba za katani zikalia. Mumo akajivuta hadi upande wake wa siku zote, mguu wa kushoto ukimfuata nyuma, akautazama mkusanyiko huo wa wakubwa akafumba macho.

"Kaa," Kasiva akasema.

Pa kukaa palikuwa ukingoni mwa kitanda tu. Mutisya aliuangalia ukingo huo kwa muda.

"Godoro linanuka mkojo," Kasiva akasema. Hakuna mtu aliyewahi kulisikia hilo kutoka kwake.

"Nasikia, mama," Mutisya akasema, akakaa.